Sura ya Tano: Kompyuta Tatu, Folda Moja

Chukua nyumba yenye kompyuta tatu. Mama ni mwalimu wa sekondari, na anatumia laptopu ya Windows aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Kijana wake wa chuo ameweka Linux kwenye mashine kongwe ambayo Windows mpya ilikuwa imeilemea. Binti anahariri video za harusi kwenye Mac. Wote wanatumia ruta moja, na kutoka meza hadi meza ni hatua chache tu. Lakini Mama akitaka kijana amsaidie kupanga mtihani wa kidato cha pili, anamtumia kwa WhatsApp. Faili linatoka sebuleni, linapita kwenye mnara wa simu, linavuka bahari hadi kwenye seva za kampuni ya ng'ambo, halafu linarudi mpaka chumba cha pili. Bando limeliwa mara mbili, wakati wa kupandisha na wakati wa kushusha. Video ya harusi yenye GB 6 haiwezi hata kuanza safari hiyo, maana WhatsApp haipokei faili linalozidi GB 2.

Ruta ile ile iliyoko ukutani inaweza kuzipitishia kompyuta hizo mafaili yote bila kugusa intaneti. Bando likiisha, hata mnara ukizimika, kazi inaendelea maadamu ruta ina umeme. Nalisisitiza hili kwa kuwa watu wengi, wakiwamo waliobobea katika kazi za ofisi, wamezoea kudhani kwamba mtandao na intaneti ni kitu kimoja. Mtandao wa nyumbani ni wako mwenyewe, na hakuna anayekutoza kwa kinachopita humo.

Njia nyingine waliyoizoea watu ni flashi. Aliyewahi kupeleka flashi steshenari kuchapisha karatasi anajua inavyoweza kurudi: mafolda yamefichwa, na mahali pake pamejaa njia za mkato ambazo ukizibofya unaiambukiza kompyuta yako. Hata hivyo virusi vina dawa. Balaa la flashi lisilo na dawa ni nakala. Mama anampa kijana mtihani, kijana anasahihisha swali la tatu, na wakati huohuo Mama ameshabadilisha swali la saba kwenye nakala yake. Baada ya wiki moja yako mafaili manne, moja limeitwa "mwisho", jingine "mwisho sahihi", jingine "mwisho kabisa", na hakuna anayeweza kuapa ni lipi la kupeleka shuleni.

Kwa hiyo ninachokitetea katika sura hii ni zaidi ya kuhamisha mafaili kwa haraka. Ni faili kuwa na makazi mamoja. Linakaa kwenye folda moja, katika kompyuta moja, na kila mwenye ruhusa analifuata hukohuko, alifungue, alibadilishe na kulihifadhi palepale. Mama akiwa amefungua mtihani, kijana akijaribu kuufungua ataambiwa kwamba unatumika, na atapewa nafasi ya kuusoma tu mpaka Mama amalize. Flashi haiwezi kufanya hivyo.

Kinachowazuia watu ni imani kwamba Windows, Linux na Mac haziwezi kuelewana. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani. Mwaka 1983, ndani ya IBM, Barry Feigenbaum alibuni utaratibu wa kompyuta kufungua mafaili yaliyo kwenye kompyuta nyingine. Utaratibu huo ukaja kuitwa SMB, na Microsoft ikauchukua na kuukuza. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ikatoa wa kwake, NFS, kwa ajili ya mashine za Unix. Apple nayo ikajenga AFP kwa ajili ya Macintosh. Utaratibu wa namna hii huitwa itifaki: nani aanze kuzungumza, aombe vipi, ajibiwe vipi, akikataliwa aambiwe nini. Kila kampuni ilitunga itifaki kwa ajili ya wateja wake, na mteja mwenye mashine za kampuni mbili alibaki katikati.

Aliyevunja ukuta huo hakutumwa na kampuni yoyote. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Alitaka kompyuta yenye DOS ifungue mafaili yaliyokuwa kwenye mashine ya Unix. Programu ya Pathworks ya kampuni ya Digital ilifanya kazi hiyo, ila kwa seva za Digital zenyewe. Maelezo ya itifaki yake hakuwa nayo. Akaandika programu ya kunasa data zilizopita kati ya kompyuta na seva, akazichunguza, kisha akaandika seva yake ya kujibu kama ile ya Digital. Wakati huo hakujua kwamba alichokuwa akikifumbua ni SMB ile ile iliyozaliwa IBM.

Akaigawa programu hiyo bure mapema mwaka 1992, kisha akaiweka kando karibu miaka miwili. Iliyomrudisha ni haja ya nyumbani kabisa: alitaka kuunganisha kompyuta ya Windows ya mkewe na mashine yake ya Linux. Hakuijua seva nyingine ya kutumia, akaijaribu ile yake ya zamani, na kwa mshangao wake ikafanya kazi. Jina aliloanza kulitumia lilikuwa na mwenyewe kibiashara, hivyo akatafuta katika orodha ya maneno ndani ya kompyuta yake neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo, akapata Samba. Tangu hapo watu wengi, Jeremy Allison akiwa mmoja wa walioibeba kwa muda mrefu zaidi, wameiendeleza Samba kama programu huria ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuisoma na kuibadilisha.

Tridgell ameieleza mbinu yao kwa mfano wa mtu aliyeingia katika mkahawa wa Ufaransa bila kujua Kifaransa. Anakaa, anasikiliza wengine wanavyoagiza, anatazama wanacholetewa, na taratibu naye anajua kuagiza. Ndivyo walivyofanya kwa kila toleo jipya la Windows: wanatuma ombi, wanasikiliza jibu, wanabadilisha kipande kidogo cha ombi, wanasikiliza tena. Nawaheshimu sana watu hawa. Walijifunza itifaki nzima kwa kuisikiliza waziwazi, bila kuiba msimbo wa mtu, na wakawaachia wengine walichojifunza.

Kazi hiyo ilikuja kuwa na nafasi yake hata katika sheria. Sun Microsystems ilikuwa imelalamika mwaka 1998 kwamba Microsoft inawanyima washindani maelezo ya jinsi seva zake zinavyozungumza na Windows. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiagiza itoe maelezo hayo. Microsoft ikakata rufaa, na Septemba 2007 mahakama ya Ulaya ikaunga mkono uamuzi wa Tume. Desemba ya mwaka huohuo wasanidi wa Samba wakayapata maelezo kwa njia ya taasisi iliyoundwa kwa kazi hiyo, kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Samba 4.0, iliyotoka Desemba 2012, ilionyesha matunda yake.

Apple nayo ikaegemea upande huohuo. Kuanzia toleo la Mavericks la mwaka 2013, Mac zilianza kutumia SMB kama chaguo la kwanza, na kufikia Big Sur ya mwaka 2020 Mac haikuweza tena kugawa folda kwa AFP. Simu nazo zikafuata: programu ya mafaili ya iPhone inafungua folda za SMB tangu iOS 13 ya mwaka 2019, na kwa Android zipo programu nyingi za kufanya hivyo. Basi anayekuambia leo kwamba mashine hizi haziwezi kuelewana anasimulia habari za zamani. Itifaki ya pamoja ipo, na huhitaji kununua kitu.

Sasa tuirudie ile nyumba. Jambo la kwanza ni kuamua kompyuta gani itakuwa mwenyeji wa folda, na kwa maoni yangu iwe mashine kongwe ya Linux. Inatulia sehemu moja, haibebwi kwenda kazini, na hata yenye umri wa miaka kumi na kitu ina nguvu za kutosha kugawa mafaili kwa watu watatu. Kama ni laptopu yenye betri nzima, umeme ukikatika haizimiki hapohapo. Iunganishe na ruta kwa waya. Waya wa kiwango cha zamani cha megabiti 100 kwa sekunde hupitisha faili la GB 4 kwa dakika sita hivi. Waya na ruta za gigabiti hulipitisha kwa chini ya dakika moja. Waifai hubadilika kulingana na kuta na majirani. Kwa mtihani wa Mama inatosha sana. Binti anayehariri video ninamshauri atumie waya, au anakili video kwenye Mac yake, ahariri huko, kisha arudishe iliyokamilika.

Kwenye mashine ya Linux kijana anasakinisha Samba, anatengeneza folda, tuseme Familia, kisha anaitaja folda hiyo katika faili la /etc/samba/smb.conf: iko wapi, nani anaruhusiwa, na kama anaruhusiwa kuandika au kusoma tu. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Samba ina daftari lake la maneno ya siri, tofauti na lile la kuingilia kwenye Linux yenyewe. Unaweza kuwa na akaunti kwenye mashine, ukaandika neno la siri lililo sahihi, na bado ukakataliwa kwa sababu hujasajiliwa upande wa Samba. Amri ya smbpasswd -a ikifuatiwa na jina la mtumiaji inamaliza tatizo hilo.

Mwenyeji akiwa Windows, tatizo linakuja kwa sura nyingine. Mama amezoea kuingia kwenye laptopu yake kwa namba fupi ya siri. Namba hiyo inafanya kazi mbele ya laptopu hiyo tu. Anayeingia kupitia mtandao anaulizwa neno la siri la akaunti yenyewe, ambalo pengine Mama aliliandika siku ya kwanza na hakuligusa tena. Mwenyeji akiwa Mac, akaunti ya mtu anayetokea Windows inapaswa kuwekewa alama ya ruhusa katika mipangilio ya kushirikisha mafaili, la sivyo atagonga mlango bila kufunguliwa.

Kisha inakuja anwani. Ruta huipa kila kompyuta namba, mfano 192.168.1.20, na namba hiyo inaweza kubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee mashine mwenyeji namba isiyobadilika. Baada ya hapo, Mama anaandika \\192.168.1.20\Familia kwenye kidirisha cha mafaili cha Windows. Binti anabonyeza Command na K kwenye Mac na kuandika smb://192.168.1.20/Familia. Aliye kwenye Linux anaandika kama binti. Wote wanaulizwa jina na neno la siri, na wote wanafika kwenye folda moja.

Nimetanguliza namba kwa makusudi, kwa sababu wengi hufungua orodha ya kompyuta za mtandaoni, wasione kitu, wakakata tamaa. Orodha ile hujazwa kwa njia tofauti kabisa na ile ya kufungua mafaili. Windows ya leo hutangaza uwepo wake kwa njia moja, Mac na Linux hutumia nyingine, na ile ya zamani iliyozoeleka imeondoka pamoja na toleo la kwanza la SMB. Kompyuta inaweza kukosekana kwenye orodha na bado ikafunguka vizuri ukiiita kwa namba yake. Ikikataa hata kwa namba, angalia kwanza kama Windows imeuweka mtandao wa nyumbani katika kundi la mitandao ya umma, maana humo hujifungia. Angalia pia kama mmoja wenu ameingia kwenye waifai ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga na kompyuta nyingine zote.

Mkishaelewana kwa itifaki, bado kuna majina. Linux inaruhusu karibu kila alama katika jina la faili isipokuwa mkwaju. Windows inakataa nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, alama za kufungua na kufunga usemi na nyingine kadhaa. Kijana akihifadhi faili kwa jina "Risiti: ada ya muhula?" Mama ataliona likiwa na jina fupi lililokatwakatwa lenye alama ya ~, na hatajua ni nini. Halafu kuna herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Bajeti.docx na bajeti.docx ni mafaili mawili yanayoweza kukaa pamoja. Kwa kawaida Windows na Mac huyahesabu kuwa moja. Fanyeni mapatano ya nyumba nzima: herufi ndogo, tarakimu na vistari, na tarehe ianze na mwaka, kama 2025-03-14, ili mafaili yajipange yenyewe. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, kwa kuwa hakina herufi zenye vitone na mikia ambazo huwasumbua Wafaransa na Wajerumani mafaili yao yanapohama kutoka Mac kwenda Linux.

Mama pia anaweza kushtuka kuona mafaili yaitwayo .DS_Store, au yanayoanza na nukta na mstari wa chini, akadhani ni virusi. Huwekwa na Mac ya binti kukumbuka mpangilio wa madirisha na taarifa nyingine za mafaili. Hayana madhara. Samba ina moduli ya fruit iliyoandikwa mahsusi kwa ajili ya Mac. Ikiwashwa inaweza kuzihifadhi nyingi za taarifa hizo bila kutapanya vifaili mbele ya wengine.

Kuhusu usalama sitaki mtu alegeze. Tarehe 12 Mei 2017 programu haramu ya WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, ikasambaa katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Ilipitia kasoro katika Windows upande wa SMB ya kwanza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi, lakini mashine nyingi zilikuwa hazijakipokea. Mei hiyohiyo Samba nayo ilitangaza kasoro nzito ya kwake, iliyokuwamo tangu matoleo ya mwaka 2010, ikaitolea kiraka. Kwa hiyo pokeeni masasisho, kwenye Linux vilevile. Anayekushauri uwashe SMB ya kwanza ili printa kongwe iweze kuhifadhi skani kwenye folda anakutaka uifungulie nyumba nzima hatari kwa ajili ya printa moja. Folda isiyo na neno la siri nayo msiiweke. Windows za miaka ya karibuni zinazidi kuikataa, na zina haki. Na mlango namba 445 wa SMB usifunguliwe kamwe kwenye ruta kuelekea intaneti.

Kuna siku diski itabebwa tu, kwa mfano binti akipeleka video kwa bwana harusi. Hapo itifaki haihusiki tena, kinachohusika ni namna diski ilivyoumbizwa. FAT32 inafunguka kila mahali lakini haibebi faili linalofikia GB 4, na ndiyo maana video ndefu hukataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele. NTFS ya Windows inasomeka kwenye Mac, ila Mac yenyewe haiandiki humo bila programu ya ziada. Chagua exFAT. Microsoft ilichapisha maelezo yake Agosti 2019, na Novemba mwaka huo kiini cha Linux 5.4 kikaanza kuja nayo, hivyo mifumo yote mitatu inaisoma na kuiandika. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii kuchomolewa ghafla. Ondoa diski kwa utaratibu, kila mara.

Limebaki jambo linaloumiza watu wakiwa wameshazoea raha ya folda moja. Faili linalofutwa kwenye kompyuta yako huenda kwenye pipa la taka. Linalofutwa kupitia mtandao, kwa kawaida, hupotea moja kwa moja. Mama akikosea akafuta folda ya mitihani akiwa kwenye laptopu yake, hakuna pipa la kwenda kuiokota. Samba ina dawa, moduli iitwayo recycle, inayohamishia vilivyofutwa kwenye folda utakayoitaja, tuseme .takataka. Iongeze kwenye mstari wa vfs objects wa folda ya Familia, pamoja na moduli nyingine ulizokwisha kuziweka, kisha anzisha Samba upya. Chomeka pia diski ya nje kwenye mashine mwenyeji na uipangie kunakili folda nzima kila usiku, kwa sababu diski moja inaweza kufa na kila kitu. Halafu jaribu: futa faili lisilo na kazi ukiwa kwenye laptopu ya Mama, nenda kwenye mashine ya Linux ulitafute ndani ya .takataka, na ukilikuta, waambie wenzako waanze kuhamishia kazi zao humo.